Nchi na Hesabu ya Wafu Wake

Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, tangu mwezi wa Mei 2020, mtu yeyote aliyetaka kujua maradhi ya korona yameifanya nini Tanzania alionyeshwa tarakimu mbili tu, nazo ni 509 na 21: wagonjwa mia tano na tisa, maiti ishirini na moja. Masika yalikuja yakaenda, watu wakapiga kura, watoto wakafanya mitihani, wimbi la pili la maradhi likapanda na kushuka katika nchi zinazotuzunguka, na tarakimu zile hazikusogea, zikabaki katika majedwali ya ulimwengu mithili ya saa iliyosimama ukutani katika nyumba ambayo wenyewe wangali wanaishi. Mwezi wa Februari 2021, hali jedwali likingali linasema 21, tulimzika mjomba wangu mjini Tanga, naye hakuwa miongoni mwa hao ishirini na mmoja, wala sidhani kwamba aliingia katika hesabu yoyote iliyofuata.

Mengi yamesemwa juu ya ukimya ule, na walio wengi wameusema kwa ghadhabu, wengine kwa kuutetea. Sikusudii kuirejea kesi hiyo yote. Swali linalonishughulisha ni la mbele zaidi: nchi hujuaje kwamba maradhi yamepita ndani yake, yamepita wapi, na yamechukua wangapi? Kadiri nilivyolichunguza, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ukimya wa mwaka ule, pamoja na uzito wake, ulikuwa mdogo kuliko ukimya mwingine ulioutangulia kwa miaka mingi. Kwa kuwa hesabu ya wafu wa tauni haianzi siku tauni inapoingia mjini, bali huanza zamani, katika vitabu vinavyoandikwa wakati watu wanapokufa vifo vyao vya kawaida, na kaumu isiyoviandika vifo vya kawaida haiwezi, hata ikitaka, kuvitambua vile visivyo vya kawaida.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetoka Ubelgiji, alitangazwa na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Kifo cha kwanza kikatangazwa tarehe 31 Machi. Tarehe 29 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisema wagonjwa wamefika 480 na waliofariki 16. Na Zanzibar ilipoongeza ya kwake mwanzoni mwa Mei, jumla ikawa ile tuliyokwisha kuitaja. Hesabu ya namna hii, katika nchi yoyote, si hesabu ya wagonjwa bali ni hesabu ya wagonjwa waliopita milangoni, na milango yenyewe ni mingi. Mtu huanza kukohoa nyumbani, akapewa tangawizi na ndimu. Akizidiwa hupigiwa nyungu, chungu cha majani ya mwarobaini, mkaratusi na mchaichai kikafunikwa pamoja naye chini ya blanketi mpaka jasho limtoke. Homa ikikataa kushuka hutumwa mtoto dukani kununua dawa. Na ni baada ya hapo tu, kama nauli ipo na kama mwenye nyumba ameridhia, ndipo hupelekwa zahanati, na pengine kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huko nako sharti awepo tabibu atakayeshuku, kiwepo kijiti cha kupangusia pua na koo, liwepo kasha la barafu la kuihifadhia sampuli, na gari la kuifikisha kwenye maabara ya taifa Dar es Salaam; kisha majibu yarudi kabla faili halijapotea, yaingizwe katika taarifa ya mkoa, taarifa ifike wizarani, na wizara ifungue kinywa. Katika kila mlango wapo waliobaki nje. Wale 21 ni wale waliovuka yote.

Mlango wa mwisho ndio uliofungwa kwanza. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na nyingine zikarudi na majibu ya kuwa na maradhi. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi, na baada ya zile za Zanzibar tarakimu mpya hazikutolewa tena. Mwanzoni mwa mwezi uliofuata nchi ikatangazwa kuwa Mungu ameiondolea korona. Kuitilia shaka mizani ni haki ya kila mwenye kupimiwa, na vipimo vya aina ile vina makosa yake yajulikanayo, lakini shaka ya kweli hudai kipimo cha pili na cha tatu, nasi tulikipoteza hata kile cha kwanza. Hayo nayasema kwa majonzi, kwa sababu wengi waliofanya kazi katika maabara ile na katika wodi zile walikuwa wakiifanya kwa kujihatarisha, na kazi yao ya wiki saba haikupewa nafasi ya kusahihishwa.

Maradhi, hata hivyo, hayana uraia, na nchi isiyojitazama hutazamwa. Jambo hili si geni katika taarikhi yetu. Tabibu wa Kiskoti James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja katika zama za Sayyid Majid na Sayyid Barghash, alichapisha mwaka 1876 kitabu kikubwa juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, akaeleza namna maradhi ya mwaka 1869 na 1870 yalivyoshuka kutoka bara, kwa njia za misafara ya nchi ya Wamasai, yakafika Pangani, kisha yakavuka mkondo na kuingia Unguja. Robert Koch hakuwa bado amekionyesha ulimwengu kijidudu cha kipindupindu. Christie alichokuwa nacho ni kuuliza: aliwauliza watu wa misafara walipita wapi na lini, akaziweka tarehe zao juu ya ramani, na ramani ikamwambia yale ambayo hakuna mtawala aliyekuwa amemwambia. Nimekuwa nikimkumbuka sana tabibu huyo: fikra zake juu ya watu wetu ni za zama zake na mengine hayasomeki bila ya kuudhika, lakini subira yake ya kufuata nyayo za maradhi siku kwa siku na kambi kwa kambi ni ya kuigwa.

Mwaka 2020 msafara ulikuwa lori. Madereva wa masafa marefu walisimamishwa mipakani na kupimwa na nchi walizokuwa wakiingia, na kwa kupimwa kwao picha ya barabara zetu ikaanza kujichora nje ya mipaka yetu. Upande wa kusini-magharibi, Zambia ilitangaza katika siku moja ya Mei wagonjwa 76 katika mji mmoja tu wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma hata mtu aweza kunywa chai upande huu na kununua mkate upande wa pili. Mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa. Upande wa kaskazini, tarehe 16 Mei, Rais Uhuru Kenyatta aliufunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa wote isipokuwa wenye kuchukua mizigo, na foleni za malori pale Namanga zikawa ndefu. Uganda nayo ilifika mahali ikaamua kuwaondoa madereva wa kigeni katika idadi yake na kubaki na Waganda peke yao, uamuzi unaofahamika kwa hesabu za serikali, lakini uliowaacha watu wale bila ya kwao: Uganda haikuwahesabu kwa kuwa si wake, na huku walikotoka hesabu ilikuwa imekwisha kusimama.

Wimbi la pili lilipokuja, kioo kilihamia angani. Februari 2021 Waziri wa Afya wa Oman alisema kwamba abiria 18 katika kila 100 waliowasili kutoka Tanzania walikutwa na maradhi. Na katika siku hizo hizo, abiria watatu waliotoka Tanzania walipimwa katika uwanja wa ndege wa Luanda, Angola, wakakutwa na kirusi chenye mabadiliko mengi kuliko aina nyingi zilizokuwa zimeonekana mpaka wakati ule. Insafu yataka tuseme kwamba abiria wa ndege si wananchi wote. Anayesafiri kwenda Maskati kumwona ndugu yake au kufanya biashara ni mtu wa mjini, huingia ofisini, sokoni na harusini, wala hawezi kusimama badala ya mkulima wa Songea. Kumi na nane kwa mia ya abiria haimaanishi kumi na nane kwa mia ya Watanzania. Lakini haiwezi pia kumaanisha sifuri, na sifuri ndiyo iliyokuwa habari rasmi ya siku zile.

Hapa msomaji aweza kusema: basi kama tungalitangaza kila siku kama walivyotangaza wenzetu, tungalijua. Fikra hii nilikuwa nayo mwenyewe, na Kenya ndiyo iliyonitoa katika dhana hiyo. Kuanzia mgonjwa wao wa kwanza, tarehe 13 Machi 2020, Wakenya walitangaziwa hesabu takriban kila alasiri, kaunti kwa kaunti, na Waziri wao wa Afya, Mutahi Kagwe, akawa sauti inayojulikana katika kila nyumba. Ilipofika katikati ya Juni walikuwa wametangazwa wagonjwa wasiofika 4,000. Wakati huo huo wataalamu wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Kilifi walikuwa wakizipima chupa ndogo za damu iliyochangwa kwa ajili ya wagonjwa wa kawaida, damu ya watu 3,098 waliojitolea wakiwa wazima wa afya, ili waone ni wangapi wenye kingamwili za maradhi haya, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kupambana nayo. Walipokwisha kurekebisha hesabu kwa umri, jinsia na mahali, walikadiria kwamba watu zaidi ya 4 katika 100 walikuwa wameshayapata, na Mombasa yenyewe 8 katika 100. Kenya ni nchi ya watu milioni 47 na nusu kwa sensa ya 2019. Kila mtu aweza kupiga hesabu yake akaona kwamba kwa mgonjwa mmoja aliyetangazwa walikuwepo mamia ambao hawakutangazwa, wengi wao bila hata kujua kwamba wameugua.

Hao ni wagonjwa. Na wafu je? Lusaka ndiko lilikopatikana jibu la kutisha zaidi. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walikaa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu, ambako hupitia maiti zilizo nyingi za mji ule, wakawapima waliokufa. Katika maiti 364 walizopata majibu yake, 58 zilikuwa na kirusi, na ukikilegeza kidogo kiwango cha kipimo, 70. Wengi wa hao hawakufia hospitalini. Walifia majumbani mwao, na hakuna hata mmoja kati ya hao wa majumbani aliyekuwa amepimwa alipokuwa hai. Zambia haikuwa imenyamaza. Ilikuwa ikitangaza, ikipima, ikihimiza barakoa. Na bado mauti yalipita kando ya mlango wake wa hesabu.

Sitaki lakini kumsukuma msomaji kwenye kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba kila kilichofichika ni kikubwa kupita kiasi. Korona huua kwa umri: kijana wa miaka ishirini huipita aghalabu bila madhara, na mzee wa miaka themanini huwa katika hatari kubwa. Nusu ya Watanzania hawajatimiza miaka ishirini, na waliovuka sitini na tano hawafiki 5 katika 100, hali Italia waliovuka umri huo ni karibu mtu mmoja katika kila wanne. Nchi changa kwa umri hufiwa kidogo kuliko nchi kongwe hata kama wameambukizwa sawasawa. Basi kuna sababu mbili za hesabu kuwa ndogo, moja ya neema na moja ya upofu, na kazi yote ya mwenye kuchunguza ni kuzitenga sababu hizo, asije akamshukuru Mungu kwa jambo ambalo hakuliona tu.

Njia ya kuzitenga ni ya zamani kuliko hospitali zetu zote. Mfanyabiashara wa London, John Graunt, alizichukua mwaka 1662 orodha za maziko za kila wiki za makanisa ya mji wake na kuonyesha kwamba ndani ya orodha hizo mlikuwa na elimu. Na katika karne ya kumi na tisa William Farr, akiwa katika ofisi ya usajili ya Uingereza, alikisia mauaji ya mafua ya mwaka 1847 kwa kutoa: alichukua vifo vyote vya kipindi cha maradhi, akaondoa idadi iliyozoeleka katika majira kama hayo, na kilichobaki akakiita cha ziada. Ubora wa njia hii ni kwamba haimuulizi tabibu alishuku nini, wala haihitaji kipimo, wala haiogopi neno la mtawala. Haihitaji hata kujua maradhi yenyewe ni yapi. Yahitaji tarehe tu: mtu fulani amekufa siku fulani. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 watu milioni 14.9 zaidi ya kawaida walikufa duniani kwa sababu ya janga hili au kwa vurugu lililoletwa nalo, ilhali waliotangazwa walikuwa milioni 5.4. Na Afrika ya Kusini, ambako kila raia ana namba ya kitambulisho na kila kifo kilichoandikwa huifuta namba hiyo katika rejista, watafiti waliweza kuchapisha vifo vya ziada kila wiki, mji kwa mji, janga likiwa lingali linaendelea. Mpaka mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa imevuka 300,000, na waliotangazwa rasmi walikuwa kiasi cha 100,000.

Kwetu sisi twatoa nini katika nini? Sheria ya usajili wa vizazi na vifo inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na tangu 2006 tunao wakala wake, RITA, wenye ofisi katika wilaya. Lakini tazama ni nani anayekwenda. Cheti cha kifo huhitajika mahakamani kwa mirathi, huhitajika benki, huhitajika kwenye mfuko wa pensheni. Mwenye nyumba ya urithi mjini Moshi au mtoto wa mwalimu mstaafu atapanda gari akifuate. Mjane wa mvuvi wa Kilwa, ambaye marehemu mumewe ameacha ngalawa, wavu na deni la petroli, atakifuata cheti cha nini? Maziko yamekwisha siku ile ile, majirani wameshuhudia, imamu ameomba dua, na kwa kaumu yake kifo kimethibiti kuliko karatasi yoyote iwezavyo kukithibitisha. Hakuna uzembe katika hilo. Ni sisi tuliofanya kuandikwa kwa kifo kuwe na faida kwa mwenye mali peke yake.

Na ukubwa wa upofu huu wapimika. Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120. Tukichukua, kwa mfano tu, kwamba katika mwaka wa kawaida hufa watu 6 katika kila 1,000, wafu wetu wa mwaka ni kama 370,000, yaani elfu moja kila siku. Sasa tuseme tauni imekuja ikaongeza sehemu moja tu ya kumi: ni watu 37,000, mji wa wastani mzima uliohamia makaburini. Je, wangeonekana? Kijiji chenye maziko ishirini kwa mwaka kingekuwa na maziko ishirini na mawili, na wazee wangesema mwaka huu umekuwa mzito, kama walivyokwisha kuusema mwaka mwingine wa malaria au wa njaa. Kila mtu angeliona kaburi lake, na hakuna ambaye angeyaona makaburi yote. Hata idadi ya mwisho iliyo katika vitabu vya ulimwengu kwa nchi yetu, wafu 846, baada ya serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan kuunda kamati ya wataalamu Aprili 2021 na kuanza tena kutoa taarifa, haifiki idadi ya wanaokufa nchini kwa siku moja ya kawaida. Kusema ni bora kuliko kunyamaza, wala sina shaka nalo. Lakini idadi hiyo haitwambii lililotufika.

Walioliona walikuwa wenye orodha. Nakumbuka majira yale ya Januari na Februari 2021, tanzia zilivyokuwa zikija simuni asubuhi kabla ya salamu, na lugha yake ilivyokuwa imejikunja: "ameugua kwa muda mfupi", "nimonia", na lile neno lililozaliwa wakati ule, "changamoto ya kupumua". Tarehe 17 Februari walifariki katika siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba anaugua korona, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mapema Machi, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alieleza kwamba katika miezi miwili wamefariki mapadri zaidi ya 25 na masista 60 kwa matatizo ya kupumua. Kwa nini Kanisa liliweza kusema hivyo na wizara haikuweza? Kwa sababu Kanisa linawajua mapadri wake kwa majina. Padri hawezi kufa kimya: parokia yake hubaki wazi, askofu sharti atafute mwingine, jina lake huhamishwa kutoka kitabu cha walio hai. Orodha iliyofungwa, inayojua ni nani aliye ndani yake na nani ameondoka, huona tauni bila ya kuwa na maabara.

Nchi nayo yaweza kuwa na orodha za namna hiyo, na kwa sehemu ndogo inazo. Tangu 1992 makarani walizunguka nyumba kwa nyumba Hai, Morogoro vijijini na katika mitaa ya Dar es Salaam, wakaandika kila kifo. Tangu 1996 Kilombero, na baadaye Rufiji, wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wamekuwa wakifanya hivyo. Na upande wa Kenya, Kilifi, tangu 2000. Kazi yao haifahamiki ipasavyo, na kwangu mimi ni katika kazi za heshima zinazofanywa na watu wenye baiskeli na kalamu. Karani akisikia kuna msiba hajibandiki mlangoni siku hiyo. Huacha matanga yaanuliwe, mara nyingi mpaka arobaini ipite. Kisha huja, huvua viatu, huketi jamvini na mtu aliyemuuguza marehemu, humpa pole, na baada ya hapo huanza maswali yaliyopangwa na wajuzi: alikohoa siku ngapi? Kikohozi kilikuwa kikavu au cha makohozi? Alihema kwa shida alipokuwa akitembea, au hata akiwa amelala? Alipoteza ladha ya chakula? Miguu ilivimba? Na mjane, ambaye tangu siku ya maziko hakuna aliyetaka kusikia habari za usiku zile, huanza kuzieleza usiku mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu ambao hakuna faili la hospitali lililowahi kuwa nao. Majibu hupelekwa kwa matabibu wasiomjua marehemu, nao hukadiria chanzo cha kifo. Makadirio yao hukosea, hasa katika homa zinazofanana. Lakini kifo chenyewe na tarehe yake havikosewi. Vituo vya namna hii ni vichache mno kwa nchi yenye wilaya nyingi kama yetu, na aghalabu hutegemea fedha za wafadhili, ambazo huja kwa miaka minne au mitano kisha hukoma, ilhali kuandika vifo ni kazi isiyokuwa na mwisho kama kufagia njia. Lau ningeulizwa pa kuiweka shilingi ya kwanza ya matayarisho ya janga lijalo, nisingeiweka katika mashine ya maabara, ambayo pia twaihitaji. Ningempa mtendaji wa kijiji kitabu, na mwenyekiti wa mtaa sababu ya kukijaza, na ningemlipa mjane nauli ya kukifuata cheti.

Nimesema nilimzika mjomba. Hospitali aliyofia iliandika nimonia, na tulipouliza kama alipimwa tuliambiwa kipimo hakuna, kisha tukashauriwa tusiulize sana. Mwaka jana nilikwenda katika msikiti uliosimamia maziko yake, nikamwomba mzee anayetunza sanda na jeneza anionyeshe kitabu chake, maana nilisikia kwamba huandika. Akaniletea daftari refu la jalada gumu, la aina ya madaftari ya maduka, lililofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Safu ni nne: jina, jina la baba, tarehe, na upande wa makaburi. Wanawake wengine wameandikwa kwa majina yao na wengine kama mke wa fulani. Watoto wachanga wameandikwa "mtoto wa", na wengine, mzee mwenyewe alikiri, hawakuandikwa. Safu ya maradhi haipo. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwamba hilo si la mwosha maiti kulijua.

Nilikaa naye barazani kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi, nikazihesabu Januari na Februari za miaka mitano. Sitayaandika hapa niliyoyapata, kwa kuwa msikiti mmoja si mji, wala mji mmoja si nchi, na nimeona mengi yakisimamishwa juu ya ushahidi mwembamba zaidi ya huo. Lakini nilipofika kwenye ukurasa wa mjomba niliona kwamba mwandiko umebadilika: badala ya herufi za kulala, za mtu mwenye wasaa, mistari imebanana, na mahali pengine majina mawili yameingizwa katika mstari mmoja. Nilimuuliza mzee kama kalamu ilikuwa ya mtu mwingine. Akasema hapana, ilikuwa ni yeye. Siku zile alikuwa akiandika akiwa amesimama. Nilipouliza habari za daftari lililotangulia hilo, akanambia lilikuwa stoo na mchwa wamelila. Kisha akanihesabia kwa kidole kurasa zilizobaki katika hilo lililokuwa mkononi mwangu, akaniomba nikija tena kutoka Dar es Salaam nimletee jipya, na kama yapo makubwa zaidi, nimletee kubwa.